Ng'ombe Tisa Ndani ya Kadi

Nyahanga nzima, pale Kahama, hakuna aliyekuwa anajiamini kama Noela, na msidhani namsifia. Kujiamini huko ndiko kulikomtia matatani, ingawa nitakuwa mwongo nisiposema kwamba ndiko kulikomtoa pia.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, binti wa Mzee Sostenes wa kijiji cha Didia, na kazi yake ilikuwa kuendesha lori la mawe ya dhahabu chini ya ardhi kule Bulyanhulu. Tani arobaini na tano, gizani, kwenye njia ambayo ukikosea kidogo unakwangua ukuta. Wanaume waliomcheka siku ya kwanza walikuja baadaye kumwomba awaonyeshe namna ya kurudi nyuma kwenye kona. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie kwamba kimashine cha kadi, cha kushikwa mkononi, kinaweza kumwangusha? Atakucheka mpaka ashike mbavu.

Miaka miwili nyuma mgodi ulimpeleka Afrika Kusini kwa mafunzo, na Jumapili moja mwalimu wao akawachukua hadi ufukwe wa Durban. Huko akalazwa juu ya ubao mrefu, wimbi likaja kwa nyuma, likamsukuma, akasimama. Sekunde nne, labda tano. Basi, habari yake ikaishia hapo. Alirudi Kahama hasikii la mwadhini wala la mnadi swala. Mtoto wa Kisukuma, amekulia kwenye vumbi la ng'ombe, maji makubwa aliyoyajua utotoni ni ya lambo, leo anataka kulipa nauli ya ndege aende kupanda mawimbi! Shangazi zake walisema amerogwa. Yeye akasema likizo ni yake na hela ni yake.

Likizo ilikuwa yake, sikatai. Lakini hela, hapo tusimame kidogo.

Kwenye akaunti yake kulikuwa na milioni tisa na nusu. Tiketi alishalipia. Milioni tatu na laki mbili zilikuwa zake, za kulala, kula na kukodi ubao. Milioni sita na laki tatu zilizobaki zilikuwa za baba yake. Mzee Sostenes alikuwa ameuza ng'ombe tisa mnadani. Yeye benki haiamini, na nyumba yake ilishavunjwa na wezi mara moja, kwa hiyo akampa binti yake amwekee. Na kwake yeye zile hazikuwa hela, walikuwa bado ni ng'ombe. Akipiga simu, salamu zikiisha, huuliza, "Hawajambo ng'ombe wangu?" Noela hujibu, "Hawajambo, Baba, wanacheua tu."

Ng'ombe hao walikuwa na kazi yao. Jirani, Mzee Marselino, alikuwa anauza majaruba yake ya mpunga kule bondeni, ekari tatu, kwa milioni sita. Majaruba hayo zamani yalikuwa ya baba yake Sostenes. Yaliuzwa mwaka wa njaa, kwa magunia ya mtama, na Sostenes tangu ujana wake alikuwa anayapita kila asubuhi akiyatazama kama mtu anayemwona mke wake wa zamani kwenye ua wa mwanamume mwingine. Marselino alisema atauza baada ya mavuno, mwezi wa sita. Sasa ilikuwa Novemba, mvua za kwanza zimeanza kudondoka. Noela akaona muda upo tele.

Aliyemkalisha chini ni rafiki yake Mwamvua, Mrangi wa Kondoa, wakala wa kutuma na kutoa fedha pale Nyahanga. Huyu katika miaka saba ya kazi hajawahi kutapeliwa hata mia tano, na walijaribu wengi.

"Sikiliza, shoga," alisema Mwamvua, huku anahesabu noti za mteja bila kuziangalia. "Kule mashine itakuuliza, unalipa kwa shilingi au kwa randi. Chagua randi. Ukichagua shilingi wanakupigia bei yao wenyewe."

"Sawa."

"Taslimu igawe mara tatu. Nyingine kwenye begi, nyingine kwenye sidiria, nyingine iache chumbani. Baharini usiende nayo."

"Sawa, mama yangu."

"Na ng'ombe za Mzee uzitoe kwenye akaunti yenye kadi. Fungua akaunti nyingine. Dakika kumi tu."

Hapo Noela akacheka. "Mwamvua, mimi naendesha tani arobaini na tano chini ya ardhi. Kadi itanishinda?"

"Nani kasema itakushinda? Nimesema tenga. Mali yako na mali ya mtu zikilala kitanda kimoja, asubuhi hujui shuka ni la nani."

Noela akaahidi kufungua akaunti nyingine. Hakufungua. Alikuwa na zamu nne mfululizo, akitoka amechoka, na mwisho akajiambia kwamba anajua hesabu zake kichwani, asiyejua ni nani? Jumapili akapanda ndege.

Alifikia loji moja iliyotazama bahari. Siku kumi, randi elfu kumi na mbili, kama milioni moja na laki nane za kwetu. Dada wa mapokezi akatoa kimashine. Kikauliza, shilingi au randi. Noela akabonyeza randi kwa madaha, akamkumbuka Mwamvua. Kimashine kikawaza, kikawaza, kikaandika kuwa malipo yamekataliwa.

"Samahani," alisema dada wa mapokezi. "Leo mtandao unasumbua."

"Piga tena," alisema Noela.

Kule chini lori likigoma kuwaka huiti kikao. Unapiga tena, na likigoma, unapiga tena. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo anavyofundisha wengine. Mara ya pili kimashine kikakataa vilevile. Mara ya tatu kikakubali, kikatoa risiti ndefu, wote wawili wakacheka.

Mtu mwingine angejua palepale. Angesikia simu inalia mfukoni, ujumbe wa benki mmoja, wa pili, wa tatu. Lakini watu wa chini ya ardhi simu zao huziacha juu, getini, saa kumi na mbili nzima, na hawafi. Kwa wengine simu ni kiungo cha mwili. Kwa Noela ni koti, unalitundika unaendelea na kazi. Alikuwa amenunua laini ya huko kwa ajili ya mtandao, na laini ya nyumbani, ambayo ndiyo benki inaijua, aliizima tangu uwanja wa ndege wa Dar es Salaam isije ikamla hela bure. Alijiona mjanja kwelikweli.

Jioni ileile akakodi ubao. Mwenye mbao, mzee mmoja mwembamba aliyeunguzwa na jua, akamweleza kwamba randi elfu nne zitashikiliwa kwenye kadi hadi ubao urudi mzima. "Hatukati," alisema. "Tunashikilia tu. Hela inabaki yako, ila huwezi kuigusa." Noela akasema ameelewa, akasaini, akaondoka na ubao kwapani akitembea kifua mbele.

Na nisimnyime haki yake, zile asubuhi mbili zilikuwa tamu. Jumatatu alianguka mara ishirini na zaidi, akameza chumvi ya kutosha kuungia ng'ombe mzima. Jumanne, kama saa moja na nusu, wimbi moja la kijani likaja polepole, halikuwa kubwa, akapiga makasia kwa mikono, akalisikia linamnyanyua tumboni. Akasimama. Hakuanguka. Alikwenda nalo mpaka maji yakamfika vifundoni, akashuka kwa miguu yake mwenyewe kama mtu anayeshuka basi. Alipiga vigelegele peke yake, Wazungu wakageuka. Katika maisha yake, alinieleza baadaye, hakuna siku aliyojisikia mwepesi namna ile.

Akiwa na furaha hiyo ndipo akawasha laini ya nyumbani, amsalimie baba yake.

Simu ilitetemeka kama imepandwa na mashetani. Ujumbe juu ya ujumbe. Hajasoma hata mmoja, baba yake akapiga.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Nimekutafuta tangu jana. Marselino amebadilika. Kuna Donatus, yule mnunuzi wa mchele wa mjini, amemfuata na hela mkononi. Marselino anasema hasubiri mavuno tena. Ijumaa saa nne, ofisi ya kijiji. Atakayekuja na fedha ndiye mwenye majaruba. Nitumie ng'ombe wangu."

"Kabla ya saa sita mchana watakuwa wamefika, Baba."

"Hawajambo?"

"Hawajambo."

Akakata simu, akafungua akaunti. Milioni tatu.

Akafunga, akafungua tena. Milioni tatu. Akakaa kwenye mchanga palepale, maji yanamchuruzika. Sasa ndipo akasoma ujumbe. Loji ilikuwa imechukua milioni moja na laki nane mara tatu. Ile "imekataliwa" ya kwanza na ya pili, benki kwa upande wake ilikuwa imekubali. Ongeza ubao, ongeza taslimu aliyotoa. Hela yake mwenyewe ilikuwa imeshakwisha yote, na ng'ombe watano wa baba yake walikuwa wamekwenda na maji. Aliogopa. Mimi sijawahi kumsikia Noela akisema neno hilo, lakini siku hiyo alilisema kwa sauti, mbele ya bahari.

Hofu yenyewe haikukaa sana. Akaoga, akavaa, akaenda mapokezi na simu mkononi. Dada wa mapokezi alifungua vitabu vyake: loji ilipokea mara moja tu. Hizo nyingine mbili hazikuwafikia, zilikuwa zimenasa katikati. Noela akapiga simu benki, akasubiri, akapigiwa muziki, akasubiri tena. Sauti ya upole ikamwambia fedha zitarudi zenyewe, kati ya siku saba na kumi na nne za kazi.

"Mimi nina siku tatu," alisema Noela.

"Tunaelewa usumbufu, dada yangu."

"Hamwelewi," akasema, akakata.

Kisha akampigia Mwamvua. Alitegemea kugombezwa, na akagombezwa, tena vizuri, hadi wateja dirishani wakaanza kusikiliza. "Nilikwambia utenge! Nilikwambia au sikukwambia?" Lakini Mwamvua ni mtu, si jiwe. Alipomaliza akashusha sauti.

"Kibandani nina milioni tatu za kufanyia kazi. Nimtumie Mzee sasa hivi, uongeze na zako tatu, mambo yaishe. Hela zako zikirudi utanilipa. Wala hatajua kitu."

Jamani, ni nani angekataa? Noela akapiga hesabu. Ijumaa ilikuwa siku ya mshahara mgodini. Wakala asiye na hela siku ya mshahara wateja wanamkimbia, na wakishazoea dirisha jingine hawarudi. Mwamvua alilijua hilo kuliko yeye na bado alitoa.

"Hapana," alisema Noela. "Ng'ombe wa Baba wameshanipotea. Niongeze na wako?"

"Sasa utafanya nini?"

"Nitapeleka ngozi."

Mwamvua hakuelewa, maana Kondoa ni mbali. Ila kwetu huku mtoto mdogo anaelewa. Mtu akikuwekesha ng'ombe wake, maziwa utakunywa, samadi utatumia, shamba utalima naye. Lakini ng'ombe ni wa mwenyewe. Akifa mikononi mwako, unamchuna, unaibeba ngozi hadi mlangoni kwa mwenye ng'ombe, aione kwa macho yake, ajue kwamba hukumla wala hukumuuza. Na ngozi haitumwi kwa mtu. Unaipeleka wewe uliyewekeshwa.

Akampigia baba yake.

"Baba, nilikudanganya asubuhi. Sikujua kama nakudanganya, lakini ndivyo ilivyo. Ng'ombe watano sinao."

Akasikia jogoo wa Didia anawika.

"Wamekufa?"

"Wako hai. Wameshikwa, kama ng'ombe waliokamatwa wakafungiwa zizi la watu. Wataachiwa, lakini si kabla ya wiki mbili."

"Umewala?"

"Sijawala, Baba."

Mzee akapumua. "Ijumaa saa nne," akasema, na simu ikakatika. Hakusema njoo wala usije.

Basi Noela akaanza kazi, na hapo ndipo ungempenda. Alirudi mapokezi akasema anataka barua. Dada wa mapokezi akasema atamtumia kwa barua pepe. Noela akasema hapana, anataka karatasi, yenye muhuri, yenye sahihi ya meneja, inayosema loji imelipwa mara moja tu na si mara tatu. Meneja alipokuja akaanza kuzungukazunguka, Noela akavuta kiti, akakaa mbele ya mlango wa ofisi yake akiwa na ubao wake uliolowa, akasema atasubiri, ana siku kumi zilizolipiwa. Barua ikapatikana kwa dakika ishirini. Akadai pia hela ya siku saba ambazo hatazilala. Walibishana, wakakubaliana nusu, taslimu. Nusu hiyo ndiyo iliyolipa faini ya kubadili tiketi, na mabasi. Akarudisha ubao; zile randi elfu nne, akaambiwa, nazo zitaachiwa baada ya siku kadhaa. Mwenye mbao akamuuliza kwa nini anaondoka na ndiyo kwanza bahari imeanza kuwa nzuri. Noela akatazama mawimbi, yalikuwa yanakuja marefu, yamenyooka.

"Nyumbani kuna kazi," alisema.

Jumatano akawa Dar es Salaam, Alhamisi Mwanza. Njiani, mjini Shinyanga, akaingia benki, akatoa zile milioni tatu na kuomba taarifa ya akaunti, kurasa nne, zigongwe muhuri kila ukurasa. Karani akasema muhuri unagongwa ukurasa wa mwisho tu. Unafikiri uligongwa wapi? Kila ukurasa.

Ijumaa saa nne kasoro alifika ofisi ya kijiji, Didia, na begi lake mgongoni, viatu vya wazi vya ufukweni miguuni. Ndani walikuwa wanne. Euphrasia, mtendaji wa kijiji, nyuma ya meza. Mzee Marselino na fimbo yake. Donatus wa mchele, shati limepigwa pasi, na mfuko mweusi magotini. Na baba yake, amevaa koti lake la kanisani, amekaa wima.

Noela akasalimia wote kwa shikamoo, akipiga goti kidogo mbele ya wazee. Akaitikiwa. Donatus, bila kungoja, akaweka mfuko mezani. "Milioni sita," alisema. "Mtendaji, hesabu."

Noela naye akaweka fungu lake. "Milioni tatu." Donatus akatabasamu. Noela hakumwangalia. Alimgeukia baba yake, akatoa karatasi zake kwenye begi, akazikunjua moja moja juu ya meza: barua ya loji, risiti, kurasa nne za benki.

"Baba, uliniwekesha ng'ombe tisa. Hii hapa ngozi ya watano."

Mzee Sostenes si msomaji sana, lakini alizichukua karatasi zote, akazigeuza, akaitazama mihuri kwa karibu kama anavyotazama meno ya ng'ombe mnadani. Kisha akampa Euphrasia. "Soma. Kwa sauti."

Euphrasia akasoma. Barua ilikuwa ya Kiingereza, akaieleza kwa Kiswahili, polepole. Tarehe, saa, kiasi. Mara ya kwanza, dakika mbili baadaye mara ya pili, dakika moja baadaye mara ya tatu. Noela alisikia aibu inampanda kila tarakimu ikitajwa, kwa sababu kila tarakimu ilikuwa ile "piga tena" yake mwenyewe.

"Nani alisema wapige tena?" aliuliza baba yake.

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili, Baba. Na simu nilikuwa nimeizima. Na Mwamvua aliniambia nitenge, nikamcheka."

Mzee akatikisa kichwa. Akageuka kwa Marselino. "Ndugu yangu, hizi hapa tatu. Nyingine tatu zipo, zimeshikiliwa tu. Wewe nawe shikilia. Nina maksai wawili, unawajua, na jembe lao na mkokoteni. Wachukue leo. Limia nao, kodisha, hela ni yako. Siku nitakayokuletea tatu zilizobaki, nirudishie."

Kila mtu alijua ilikuwa wiki gani. Mvua zimeanza, watu wanang'ang'ania maksai kwa bei yoyote, na huyu mzee anawatoa wake. Noela alitaka kufungua mdomo amzuie, akakumbuka kuwa hana haki hiyo.

"Naongeza laki mbili," alisema Donatus. "Sita na laki mbili. Taslimu. Leo. Mzee, karatasi za benki si hela."

Kusema kweli, hakukosea. Marselino akautazama mfuko mweusi kwa muda. Akatazama karatasi. Kisha akamwangalia Noela, kuanzia viatu vya ufukweni mpaka nywele zilizokakamaa kwa chumvi.

"Binti, na benki isiporudisha?"

"Maksai watakuwa wako," alisema Noela, "na mimi nitamlipa Baba kwa mshahara wangu, na deni lako litakalobaki nitalimaliza. Andikeni hivyo. Nitasaini."

"Umetoka wapi na hizi karatasi?"

"Durban, Afrika Kusini."

"Siku ngapi njiani?"

"Tatu."

"Si ungepiga picha ukatuma kwa simu? Siku hizi wote wanafanya hivyo."

"Ngozi haitumwi, Mzee."

Marselino akacheka kidogo, puani. Halafu uso ukakunjamana, akagonga sakafu kwa fimbo. "Nina ng'ombe kumi na mmoja kwa watu. Watu ninaosali nao, Donatus. Mwaka jana nikaambiwa wanne wamekufa. Mmoja ugonjwa, mmoja fisi, wawili hata sijui. Unajua nimeletewa ngozi ngapi? Hata ya mkia." Akausukuma mfuko mweusi taratibu kurudi upande wa pili wa meza. "Andika, mtendaji. Sostenes. Tatu leo, tatu baadaye, maksai kwangu."

Donatus akasimama, akasema maneno mengi kuhusu watu wasiojua biashara, akaondoka. Hakuna aliyemjibu. Euphrasia akaandika. Wazee wakatia dole gumba, Noela akasaini mara mbili, kwa niaba ya deni na kwa niaba ya maneno yake.

Aliyewapeleka maksai ni yeye. Baba yake alimfungulia zizi, akamkabidhi kamba, akabaki nyuma. Kijiji kizima kilitoka kumwona Noela wa mgodini, aliyepanda ndege akapande mawimbi, anaswaga maksai wawili na mkokoteni wa jembe, viatu vya ufukweni vimejaa tope. Mbuke, shangazi yake, mmoja wa wale waliosema amerogwa, alimpigia kelele kutoka uani, "Mawimbi yamekuwaje, mayu?" Noela akajibu kwa sauti ileile, "Nilisimama, Shangazi! Mpaka ufukweni!" Watu wakacheka, naye akacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Likizo yake ilikuwa imebaki wiki. Hakurudi Nyahanga. Jumamosi alfajiri alichukua jembe la mkono akashuka na baba yake bondeni, maana maksai wako kwa Marselino na mvua haimsubiri mtu. Walilima hadi jua likawa kali. Ile ilikuwa mara ya kwanza Mzee Sostenes kukanyaga majaruba yale kama mwenyewe, na alilima kama kijana, bila kuinua mgongo. Mikono ya Noela, iliyozoea usukani, ilitoka malengelenge kabla ya saa tatu. Hakulalamika. Alikuwa anangoja kugombezwa. Tangu Jumanne alikuwa anangoja, na baba yake hakuwa amesema lolote.

Walipoketi kupumzika kwenye tuta, Mzee akanywa maji, akafuta mdomo. Akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa kifurushi cha nailoni kilichofungwa kwa uzi.

"Nimeuza dengu," alisema. "Laki nane na nusu."

Akamnyooshea. "Niwekee."

Noela akakipokea kwa mikono miwili, tope kwa tope. Na kwa mara ya kwanza tangu aanze kumwekea baba yake mali, hakuiingiza mfukoni hapohapo.

"Ni ya kazi gani, Baba," aliuliza, "na unaitaka lini?"